Mwani wa kahawia na saratani: maswali yenu, majibu yetu

Katika toleo lililopita tulidokeza, kwa aya mbili tu, kwamba kemikali za mwani wa kahawia zimeua seli za saratani maabarani. Aya hizo mbili zimezaa barua nyingi kuliko kurasa tulizo nazo, na nyingi zimetoka huku kwetu, mamia ya kilomita kutoka baharini. Tumechagua saba. Majibu ni ya mfamasia, mtaalamu wa lishe na mkemia wa safu hii.

*Hamjambo wahariri. Mamangu ana saratani ya titi na ameshapata kemo mara tatu. Kuna mama hapa mtaani anauza jeli ya mwani, mtungi shilingi 3,500, na anasema ndani mna fukoidani ambayo inamaliza saratani. Mamangu ameshashawishika. Je, nimnunulie?*
Binti yake, Kondele, Kisumu

Pole kwa kuuguza, dada. Usimnunulie, na sababu ya kwanza haihusiani hata na saratani: kilichomo mtungini karibu hakika si mwani wa kahawia. Jeli hizi za mijini hutengenezwa kwa mwani mwekundu, aina ile inayolimwa kwa kamba pwani ya Kwale, sehemu kama Kibuyuni na Mkwiro, na kule Unguja na Pemba. Mwani mwekundu una karajini, utomvu wa kugandisha vyakula. Fukoidani ni ya mwani wa kahawia. Ukitaka kuhakikisha, chemsha kipande cha mwani wenyewe, chuja, uache maji yapoe. Maji ya mwekundu yataganda. Ya kahawia yatabaki ute kama wa mrenda, kwa kuwa aljinati, utomvu uliomo, haigandi kwa baridi, inangoja kalsiamu.

Haya, tuseme muuzaji amepata mwani wa kahawia wa kweli. Fukoidani ni mnyororo mrefu wa sukari iitwayo fukosi, uliobebeshwa vikundi vya salfeti. Aliyeitenga mara ya kwanza ni Harald Kylin wa Sweden, mwaka 1913. Seli za saratani zikiogeshwa ndani yake, nyingi huacha kugawanyika, nyingine huwasha vimeng'enya viitwavyo kaspasi na kujiua zenyewe. Katika panya, uvimbe umeonekana ukishindwa kujitengenezea mishipa mipya ya damu. Hayo yameonekana mara nyingi na katika maabara nyingi, hatuna ugomvi nayo.

Ugomvi wetu ni wa kipimo. Kwenye sahani za maabara fukoidani hutumika kwa mikrogramu 100 hadi 1,000 katika kila mililita ya maji yanayolisha seli. Chukua 200 tu. Plazma, yaani maji ya damu bila chembe zake, kwa mtu mzima ni kama lita 3, au mililita 3,000. Zidisha, unapata miligramu 600, na hizo zote zingepaswa kuwa ndani ya damu kwa wakati mmoja na kukaa humo siku moja hadi tatu, kwa sababu ndivyo seli za sahani zinavyoogeshwa. Sasa mamako akila jeli, molekuli hiyo ni kubwa mno, na utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuikatakata. Watu waliomeza fukoidani wakapimwa damu, kilichokutwa mara nyingi kilihesabiwa kwa nanogramu katika mililita. Nanogramu 1,000 ndizo hufanya mikrogramu moja. Kingine chote hupita utumboni na kwenda zake chooni. (Tena kuua seli kwenye sahani si kazi kubwa. Hata chang'aa ikimwagwa humo, seli zitakufa. Swali la maana ni kama kitu kinaua zilizougua na kuacha nzima, na kama kinafika zilipo.)

Watu wamejaribiwa pia, hatutaficha. Mwaka 2011 madaktari wa Japani walichapisha matokeo ya wagonjwa 20 wa saratani ya utumbo mpana waliokuwa kwenye kemo, baadhi wakipewa gramu 4 hivi za fukoidani kila siku. Waliopewa walichoka kidogo kuliko wenzao na wakamudu kuendelea na kemo kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Taiwan walichapisha matokeo ya wagonjwa 54. Ugonjwa ulidhibitiwa kwa wengi zaidi kati ya waliopewa fukoidani, lakini haikuthibitika kwamba waliishi muda mrefu zaidi. Zingatia mambo mawili hapo: wote waliendelea na kemo, hakuna aliyeacha, na walichopewa ni fukoidani iliyosafishwa na kupimwa kwa gramu, si jeli ya mtungi ambayo hata aliyeitengeneza hajui ina nini.

Kisha kuna hatari ya jeli yenyewe. Mara nyingi mwani hulowekwa tu, ukasagwa mbichi kwa blenda na kukaa kwenye friji kwa wiki kadhaa, na umeme wa kwetu mnaujua. Baada ya kemo, chembe nyeupe za damu hushuka, na mara nyingi siku ya 7 hadi ya 14 ndizo za chini kabisa. Bakteria ambao wewe wangekuumiza tumbo kidogo, yeye wanaweza kumlaza. Nunua kipimajoto. Kikisoma digrii 38 au zaidi, peleka mama hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na usimpe panadoli kwanza ukingoje kupambazuke. Dawa hiyo itashusha joto na kuficha dalili huku maambukizi yakiendelea.

Mgonjwa haulizwi uji, wasemavyo, lakini kwa mwani tunaomba aulizwe daktari wake wa kemo, na aulizwe kabla ya kumeza. Zile 3,500 zinunulie mayai, omena, maharagwe na maziwa yaliyochemshwa. Protini ndiyo itakayomsaidia kuhimili kemo ya nne.

*Nimenunua pakiti ya mwani mkavu wa kombu kwenye duka la vyakula vya Kiasia. Nataka kuupika nyumbani kwa ajili ya afya tu, siumwi. Niweke kiasi gani?*
Mpishi wa nyumbani, Milimani, Nakuru

Kidogo kuliko unavyodhani. Shida ya kombu ni aidini, ambayo wengine huiita madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Gramu moja ya kombu kavu huweza kuwa na mikrogramu 2,000 na zaidi. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa mtu mzima ni 600 kwa hesabu ya Ulaya na 1,100 kwa ile ya Marekani, kwa hiyo kipande cha ukubwa wa stempu kinatosha kukupitisha. Na kumbuka chumvi yetu tayari ina aidini kwa sheria: ikiwa na miligramu 30 kwa kilo, kijiko kimoja cha chai, yaani gramu 5, kimekupa zile 150 zako.

Ukizidisha kwa muda mrefu, tezi ya shingoni hupotea njia. Kwa wengine husinzia, ukawa unahisi baridi, unanenepa na kuchoka. Kwa wengine hukimbia, moyo ukadunda na mikono ikatetemeka. Hakuna anayejua kwa kumtazama mtu itaelekea wapi.

Ukishikilia kuipika, chemsha kombu dakika 15 kwenye maji mengi na umwage maji hayo, kwa sababu sehemu kubwa ya aidini huhamia humo. Wajapani hufanya kinyume, maji ndiyo supu yao, lakini wao hutumia kipande kidogo kwa sufuria nzima. Ushauri wetu ni kubadilisha aina. Tafuta wakame, ambao pia ni wa kahawia, una fukoidani, na aidini yake ni kiasi cha mikrogramu 60 hadi 140 kwa gramu. Gramu 2 kavu, kijiko kimoja kikubwa, loweka dakika 10, mwaga maji, kamua. Utafura mara kadhaa, usishtuke. Changanya kwenye sukuma wiki dakika ya mwisho, bila kuongeza chumvi. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Utaona unageuka kijani kibichi ukiguswa na maji moto: ni ile rangi ya kahawia, fukozanthini, inayoachana na protini yake kwa joto.

Aina moja usiipike kabisa. Inaitwa hijiki, nyuzi nyembamba nyeusi kama majani ya chai. Ina aseniki isiyo ya kikaboni kwa wingi, sumu inayosababisha saratani ya ngozi, kibofu na mapafu. Mamlaka ya chakula ya Uingereza imewashauri watu wasiile. Hiyo nayo ni mwani wa kahawia, na ina fukoidani pia!

*Nafanya kazi kwenye kemisti. Wateja hutuambia wanatumia tembe za mwani wakati tayari wameshameza wiki tatu. Ni dawa gani za kuangalia kwanza?*
Fundi wa dawa, Busia

Anza na dawa za kuyeyusha damu. Fukoidani hufanana na hepari kwa umbo na kwa tabia, yaani huchelewesha damu kuganda. Papo hapo mwani una vitamini K, ambayo huvuta upande wa pili na kuidhoofisha wafarini, mojawapo ya dawa hizo za kuyeyusha damu. Mteja wa wafarini anayelengwa INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) ya 2 hadi 3 anaweza kupanda au kushuka, na huwezi kukisia. Asiendelee na tembe, apime INR ndani ya wiki. Kwa atakayefanyiwa upasuaji, tembe ziachwe wiki 2 kabla, na daktari wa usingizi aambiwe. Mgonjwa wa kemo ambaye chembe zake za kugandisha damu zimeshuka asizitumie kabisa. Akianza kutoka damu puani au kwenye fizi, usimuuzie kitu, mpeleke kliniki.

Wanaotumia levothairoksini au kabimazoli, dawa za tezi ya shingoni, waache tembe za mwani, kwa sababu aidini itaharibu dozi iliyokwisha kupangwa. Kuna kundi dogo ambalo husahaulika: mwenye saratani ya tezi ya shingoni anayesubiri kunyweshwa aidini ya mionzi. Huyo huandaliwa kwa chakula chenye aidini kidogo wiki moja hadi mbili ili tezi iwe na njaa ya ile ya mionzi. Tembe moja ya mwani inaishibisha, na tiba ya gharama kubwa inapita bure.

Kwa upande wetu huu, uliza pia kuhusu dolutegravir, mojawapo ya dawa za ARV. Tembe nyingi za mwani huongezwa kalsiamu, chuma, magnesiamu au zinki, na madini hayo huishika dolutegravir tumboni isiingie mwilini. ARV imezwe saa 2 kabla ya tembe hizo au saa 6 baada yake. Mteja asiyependa kuulizwa maswali haya dirishani, mvute kando. Figo mbovu ni sababu nyingine ya kukataa, maana mwani una potasiamu na chumvi nyingi.

Kwa mgonjwa wa saratani ya titi kuna jambo moja la kutuliza: watafiti wa Australia waliwapa wagonjwa 20 waliokuwa kwenye letrozoli au tamoksifeni miligramu 500 za fukoidani mara mbili kwa siku kwa wiki 3, na viwango vya dawa hizo damuni havikubadilika kwa maana. Wiki 3 na watu 20, lakini. Usiitumie kuuzia mtu.

Kuhusu lebo: neno "kelp" halimaanishi fukoidani, humaanisha unga wa mwani, na kwa kawaida kinachopimwa humo ni aidini. Lebo isiyotaja aina ya mwani, miligramu za fukoidani kwa tembe na mikrogramu za aidini, iache kwa msambazaji. Tazama pia namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu na uihakikishe. Namba iliyochapishwa si lazima iwe namba iliyotolewa.

*Huku Dunga ziwa linageuka kijani, kama rangi imemwagwa. Vijana wanasema ni mwani wa ziwani na eti ukikaushwa ni dawa sawa na ule wa bahari. Kweli?*
Mvuvi, Dunga, Kisumu

Hapana, ndugu yetu, na hii ndiyo barua iliyotutia hofu kuliko zote. Mwani wa kahawia tunaouzungumzia ni wa maji ya chumvi. Ule utando wa kijani wa Ghuba ya Winam kwa kawaida ni bakteria wa kijani-samawati, na miongoni mwao yumo Mikrosistisi anayetengeneza mikrosistini, sumu ya ini. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, limeiweka mikrosistini-LR kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Kiwango cha WHO kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 1 tu kwa lita.

Kuchemsha hakuiondoi. Kuchemsha huzipasua seli na kuiachia sumu yote majini. Klorini ya nyumbani ikitiwa kwenye maji yenye utando hufanya vivyo hivyo. Kukausha hakusaidii. Ziwa likiwa hivyo, usichote ufuoni, usiruhusu ng'ombe wala watoto waingie, na samaki mtoe matumbo na ini kabla ya kumpika. Gugumaji nalo si mwani, na hufyonza metali nzito za mji. Liacheni kwenye mbolea na biogesi.

*Je, ni kweli Wajapani hawaugui saratani kwa sababu wanakula mwani kila siku?*
Msomaji, Kericho

Wanaugua sana. Saratani ya tumbo Japani ni miongoni mwa za juu duniani, ikihusishwa na bakteria wa Helikobakta pailori na vyakula vya chumvi nyingi. Kwa mtu wa Kericho au Bomet, tunachoogopa zaidi ni koo la chakula, na hapo kikombe kina habari kuliko mwani: mwaka 2016 IARC ilisema vinywaji vinavyonywewa vikizidi digrii 65 huenda vinasababisha saratani ya koo hilo. Chai ikitoka jikoni iacheni ipoe dakika kadhaa. Ukianza kukwamwa na ugali, usingoje ukwamwe na uji, nenda upigwe endoskopi.

*Mtoto wa dada yangu amevimba taya na hospitalini wamesema ni Bakiti. Dawa moja anayodungwa wanasema ilitoka kwenye ua la vinka, hili hili la uani kwetu. Kama ua limekuwa dawa, mbona mwani bado? Na kwa nini tusichemshe ua tumpe?*
Mjomba, Ugunja, Siaya

Tuanze na swali la pili, mjomba, kwa kuwa halina nafasi ya kungoja. Msichemshe. Dawa hiyo ni vinkristini, na ni kweli ilitoka kwenye vinka, ua lenye asili ya Madagaska. Lakini jani lina alkaloidi (kemikali za mimea zenye nguvu) zaidi ya 100, vinkristini ikiwa chembe ndogo mno kati yao, kiasi kwamba hutakiwa mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja. Mtoto hupewa miligramu 1.5 kwa kila mita ya mraba ya ngozi yake, na hata mtu mzima kwa kawaida hazidishiwi miligramu 2 kwa mara moja. Tena hupitishwa mshipani tu. Ikiingia kwenye uti wa mgongo kwa makosa, huua. Kitu chenye mipaka myembamba hivyo hakipimwi kwa sufuria.

Uvimbe wa Bakiti, saratani iliyoitwa kwa jina la Denis Burkitt, daktari aliyeueleza akiwa Uganda mwaka 1958, hukua kwa kasi ya ajabu. Seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo hiyo hunyauka haraka ukipata kemo. Mtoto asikose hata tarehe moja. Wiki moja ya kujaribu mitishamba kwa uvimbe huu si sawa na wiki moja kwa uvimbe mwingine.

Sasa mwani. Vinkristini ni molekuli moja yenye umbo moja. Anayeitengeneza Hungary na anayeitengeneza India wanapata kitu kile kile, na kikidungwa mgonjwa anajulikana amepata kiasi gani. Kwa sababu hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1963. Fukoidani haina umbo moja. Ya mwani huu si ya ule, ya mwezi huu si ya mwezi ujao, na hata namna ya kuichemsha huibadilisha urefu na kiasi cha salfeti. Mtafiti mmoja akipata matokeo mazuri, mwingine akanunua "fukoidani" kwingine, akakosa, hawajui kama wamepingana au walikuwa na vitu viwili tofauti. Fukozanthini ina umbo moja, ni kweli, ila mwanga na joto huivunja upesi, na ikimezwa mwili huigeuza kuwa fukozanthinoli kabla haijafika mbali.

Bahari yenyewe imeshatoa dawa za saratani. Sitarabini, iliyotokana na mfano wa kemikali za sponji (mnyama wa baharini) wa Karibi, ipo tangu 1969, na eribulini, iliyotokana na sponji wa Japani, iliidhinishwa Marekani mwaka 2010. Mwani wa kahawia haujatoa hata moja ya saratani. Uko hospitalini kwa kazi nyingine: ile pasti ya waridi anayokutia daktari wa meno mdomoni ili apate umbo la taya ni aljinati yake, na zipo bandeji za vidonda vinavyotoa maji zilizosokotwa kwa nyuzi zake.

*Tunataka klabu yetu ya sayansi itenge fukoidani kwa ajili ya maonyesho ya shule. Maabara yetu ni ya kawaida, hatuna sentrifuji, ile mashine ya kutenganisha utope kwa kuzungusha. Inawezekana?*
Mwalimu wa kemia, Kakamega

Inawezekana, mwalimu, ikiwa mtaiita kwa jina lake: fukoidani ghafi. Na kichwa cha mradi kiwe kutenga sukari yenye salfeti, si dawa ya saratani. Majaji watauliza seli mlizipimia wapi.

Malighafi nzuri ni sagasamu, mwani wa kahawia wenye vifuko vya hewa kama njegere, ambao hutupwa na mawimbi ufuoni Pwani. Mtu akiwaletea, uoshwe kwa maji baridi ya mfereji mara tatu, ukaushwe kivulini, usagwe. Msiruke kuosha, tutaona kwa nini.

Hatua ya kwanza ni kuondoa rangi na mafuta. Gramu 20 za unga, mililita 200 za ethanoli ya asilimia 85 (mililita 177 za ile ya 96, maji hadi 200), koroga, funika, acha usiku kucha. Chuja, mimina mchujo wa kijani-kahawia kando, rudia hadi ethanoli itoke karibu bila rangi, kisha kausha masalia. Wanaoruka hatua hii hupata unga wa kahawia, nao ni fukoidani iliyochafuliwa na polifenoli. Msitumie spiriti ya zambarau, rangi yake itabaki. Na kusiwe na moto wowote chumbani: ethanoli hushika moto hata kwa joto la kawaida la Kakamega.

Chukua gramu 5 za masalia makavu, mililita 100 za maji, uweke kwenye beseni la maji ya moto, digrii 65, saa nzima. Msiongeze joto ili kuharakisha, na msitie asidi. Salfeti zitang'oka, na bila salfeti hamna fukoidani. Chuja kwa kitambaa cha kaniki kilichokunjwa mara nne, halafu kwa karatasi. Bila sentrifuji itawabidi mwe na subira: acheni kwenye friji utope utulie, kisha mimineni sehemu ya juu polepole.

Mchujo huo bado una aljinati. Weka gramu 1 ya kalsiamu kloridi kwa kila mililita 100, koroga, friji hadi asubuhi. Mtaona mawingu ya jeli. Hiyo ndiyo aljinati iliyokamatwa. Chuja. Kama mmebaki na mililita 100, ongeza mililita 45 za ethanoli ya 96, mfike kama asilimia 30, acheni saa 4 kwenye baridi, mchuje tena masalia ya aljinati. Kwa mchujo ulio safi ongeza mililita 224 nyingine, mfike asilimia 70. Sasa fukoidani itashuka kama nyuzi nyeupe-kijivu. Usiku mmoja kwenye friji, chuja, osha kwa ethanoli, kausha kwa joto lisilozidi 50. Kwenye gramu 5 mkipata robo gramu mmefanya vizuri. Mkipata gramu mbili msishangilie, hiyo ni chumvi au aljinati.

Jinsi ya kujua: yeyusha chembe kidogo majini, dondosha kalsiamu kloridi. Zikitokea nyuzi za jeli, aljinati bado ipo, rudini hatua ya asilimia 30. Kisha tone la bariamu kloridi. Maji yakigeuka meupe papo hapo, hiyo ni salfeti huru ya maji ya bahari, hamkuosha vya kutosha. Ikibaki angavu, chukua miligramu 20 za unga, mililita 5 za asidi haidrokloriki ya 1 M, uweke kwenye maji yanayochemka saa 2, poza, dondosha bariamu kloridi tena. Weupe unaotokea sasa ndio salfeti iliyokuwa imeshikamana na sukari, na tofauti ya mirija hiyo miwili ndiyo ya kuwaonyesha majaji.

Bariamu kloridi ni sumu, aishike mwalimu mwenyewe. Mabaki yake msiyamwage kwenye sinki yalivyo: tieni sodiamu salfeti hadi weupe usiongezeke, acheni utulie, chujeni, na mkaushe mashapo hayo muyahifadhi pamoja na taka nyingine za maabara.